Banda umiza la Ujiji, Jumatano ya "wazungu wanaolia": jero yako haipotei ila nenda na mto wa kukalia

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtu wa kwetu anauliza. Kiingilio jero, yani mia tano. Watoto hawaruhusiwi Jumatano, na kweli hawaruhusiwi, nimeona dogo anatolewa kwa kushikwa sikio huku analia kwamba kashalipa. Ukichelewa unakaa benchi la nyuma lenye msumari. Banda lenyewe, hili la kuonyeshea mpira na video, lipo Ujiji huku Kigoma, jina silitaji kwa sababu nina malalamiko nalo huko mbele na mwenye banda tunapishana kila siku, ila ukishuka daladala ya kutoka Mwanga ukawauliza wauza kahawa wanaonyeshaga wapi ile ya wazungu wanaolia, utapelekwa hadi mlangoni.

Hilo ndo jina lake mtaani, Wazungu Wanaolia, japo nusu ya wanaolia wala sio wazungu. Ni vile vipindi vya mastaa kutafuta asili ya ukoo wao. Mwenye banda wikendi hana shida, mpira wa Uingereza unamjazia mpaka watu wanachungulia kwenye mabati, ila Jumatano isiyo na mechi ya Ulaya alikuwa anakaa peke yake na feni. Sasa sijui nani kamletea flashi (hatuulizagi flashi zinatoka wapi), ndani kuna Who Do You Think You Are? ya BBC ambayo wameianza toka 2004, na Finding Your Roots ya televisheni ya PBS kule Marekani, ya Profesa Henry Louis Gates Jr., hii imeanza 2012. Akajaribu wiki moja kwa kukosa kitu, watu wakakaa. Wiki ya pili wakaja na wake zao.

Kinachouza pale ni mtafsiri, tuseme ukweli. Jamaa zamani alikuwa anatafsiri sinema za Kichina za mateke kwahiyo sauti yake haijui kunong'ona, anashusha sauti ya sabufa alafu anaingia na maiki, hata kama kwenye skrini mtu anasoma cheti cha kifo cha bibi yake taratibu, yeye anakitangaza kama fainali. Profesa Gates anamuita Mzee wa Fimbo maana anatembea na fimbo. Na kwenye kile kipindi cha Profesa kuna meza na kitabu kikubwa, staa anakaa mbele yake, Profesa anaeleza kidogo kisha anamwambia afunue ukurasa, na hapo ndo kuna jina au picha au karatasi ya zamani. Banda letu limeshika hiyo. Mkono wa staa ukigusa tu ile karatasi watu wote kwa pamoja "FUNUAAA!" mpaka mbwa wa jirani wanaamka. Yule dada muuza karanga anakaa mlangoni haangalii hata, yeye anasubiri hiyo funua ndo anajua pakitulia auze.

Siku ya kwanza mimi kwenda ilikuwa ya Danny Dyer, yule muigizaji wa London mashariki, mtoto wa uswahilini kabisa kwa jinsi anavyoongea. Kilirushwa 2016. Wanamchimba chimba wanafika kwa mfalme Edward wa Tatu, vizazi zaidi ya ishirini nyuma. Sasa mtafsiri hapo akakwama, maana Kiingereza kinarudia neno moja tu mara nyingi na yeye akawa anasema "babu, babu, babu, babu, babu" anahesabu kwa vidole huku picha inaenda, mzee mmoja wa mbele mwenye kofia ya kiua akamkatisha, "We kijana, sema jamaa ni kilembwe wa mfalme!" Mwingine akadakia hapana, kilembwekeze. Wa tatu akasema hicho kishapita ni kinying'inya. Mtafsiri akaacha maiki wazi kabisa akasema jamani maneno yamekwisha na bado tuna vizazi kibao. Nimecheka mpaka nikasahau msumari.

Kuna mwalimu mstaafu huwa anakuja na kijitochi, yeye akasimama akafanya hesabu. Una wazazi wawili, babu na bibi wanne, nane, kumi na sita, ukifika kizazi cha kumi una watu 1,024 waliochangia kukuzaa, ukifika cha ishirini wamepita milioni moja, sasa Waingereza wa wakati ule wenyewe walikuwa wangapi? Kwahiyo huyo mfalme, anasema mwalimu, ni babu wa mamilioni ya watu pale Uingereza, tofauti ni kwamba Danny Dyer katafutiwa karatasi. Mama mmoja muuza mawese akauliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu, kwamba huyo mfalme alivyokuwa na wajukuu milioni urithi waligawanaje.

Ila sio kila Jumatano ni kicheko na hapa ndo nataka kuelezea vizuri maana watu wakisikia banda umiza wanajua ni kelele tu.

Alipokuja Angela Davis, yule mwanaharakati mweusi wa Marekani, kipindi cha 2023, wazee walikaa sawa. Wazee wa huku wanamjua yule mama toka enzi za ukombozi, wanamkumbuka na nywele zake. Profesa akamfunulia kwamba mmoja wa mababu zake ni William Brewster, mmoja wa wale Waingereza waliokuja na meli ya Mayflower mwaka 1620, yani wale wazungu wa kwanza kwanza ambao Wamarekani wanajivunia kutokana nao. Mama akawa anacheka huku anakataa kwa kichwa, haamini. Banda likagawanyika pande mbili palepale. Vijana wanasema kapata bahati, ana haki ya nchi kuliko hata wanaomfukuza. Wazee wanasema kafanyiwa dharau, mtu amepigania weusi maisha yake yote unamletea babu mzungu mbele ya kamera. Mtafsiri akasahau kutafsiri na yeye akaingia kwenye ubishi, dakika kama sita zikapita hatujui wanaongea nini. Hii ni kasoro lakini mi sikuidai.

Alafu Questlove, yule mpiga ngoma wa kundi la The Roots. Wamemkuta na babu na bibi waliopakiwa kwenye meli inaitwa Clotilda, watu kama 110, wametolewa Dahomey ambayo ndo Benin ya sasa wakapelekwa Mobile kule Alabama mwaka 1860, wakati Marekani yenyewe ilishapiga marufuku kuingiza watumwa toka nje tangu 1808. Yani waliibwa kwa magendo. Na Profesa anaeleza kwamba kwa weusi wengi wa kule ukirudi nyuma unagonga ukuta mwaka 1870, maana ile ndo sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina wale waliokuwa utumwani, kabla ya hapo waliandikwa umri, jinsia na rangi tu kama ng'ombe. Huyu yeye kavuka ukuta, kapata meli yenyewe, kapata bandari.

Nikawa nasubiri funua. Hakuna aliyesema funua. Kimya, unasikia feni.

Kwa msiojua Ujiji, pale ndo misafara ilipokuwa inaanzia upande wetu huu, watu wanavushwa ziwa kutoka Manyema huko Kongo, wanapumzishwa, wanapelekwa Tabora, kisha Bagamoyo kwa miguu, kilomita elfu moja na zaidi. Miembe mingi ya njia ile ipo mpaka leo tunakula embe zake. Na waliobaki wamebaki, wakawa Waswahili wa Ujiji, kuna waliokuja kama wafanyabiashara, kuna waliokuja kama wapagazi, kuna waliokuja wamefungwa. Nani alikuja vipi, hilo haliulizwi. Unaulizwa wewe kabila gani unasema Mmanyema, basi, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya dagaa.

Mzee wa kofia ya kiua ndo alivunja kimya, akaongea taratibu bila kugeuka nyuma. Akasema sisi tunaonyeshwa mpaka mahali Stanley alipomkuta Livingstone 1871, watalii wanakuja wanapiga picha na miembe. Susi na Chuma tunawajua majina kwa sababu walibeba maiti ya mzungu mpaka pwani. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kaacha habari zake mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Sasa aliyembebea Tippu Tip pembe, huyo yuko kitabu gani? Kijana mmoja wa bodaboda akajibu "Yuko hapa benchi la nyuma kwenye msumari mzee". Watu wakacheka lakini kile kicheko cha kuguna.

Ndo maana nilivyoona wanaonyesha ile habari ya Ben Affleck, yule muigizaji wa Hollywood, nilijua tutafika mbali. Yule alipochimbwa 2014 wakakuta babu yake mmoja alikuwa na watumwa, akaomba isionyeshwe, na kweli haikuonyeshwa, ikaja kubumbuluka 2015 baada ya barua pepe za Sony kudukuliwa na PBS ikabidi wachunguze na msimu uliofuata ukacheleweshwa. Mtafsiri alisimulia hii yote kwa mdomo kabla ya kuweka kipindi chake, kajiandaa jamaa, nampa maksi. Mi nilitegemea watu wamtukane Affleck. Wapi. Mama wa mawese akasema kila nyumba ina chumba hakifagiliwi mbele ya wageni. Dada mmoja kamjibu vikali sana, kwamba kuficha babu mwenye watumwa na kuficha babu mtumwa sio aibu moja, mmoja alitenda na mwingine alitendewa, kwanini wote wawili mnawafungia chumba kimoja? Hakujibiwa. Mi niko upande wa huyo dada na nasema wazi, ila sikusema pale kwa sababu mama mkwe alikuwa benchi la pili.

Kuna kitu kingine cha huku ambacho mtu wa Dar hawezi kukielewa haraka. Kigoma ukiulizwa babu yako kazaliwa wapi, mara nyingi anayeuliza ana fomu mkononi. Mpaka uko hapo, Burundi hapo, Kongo ng'ambo ya maji unaona milima yake asubuhi, kwahiyo mtu ukimuuliza asili yake anakuangalia kwanza miguu kama umevaa viatu vya kiofisi. Sasa unakaa unaona staa anaulizwa swali lilelile, kawekewa maji ya kunywa mezani, na akijibu hajui wanamtafutia wao kwa gharama zao miezi na miezi! Oprah alikuwa anaamini yeye ni Mzulu, wakampima 2006 kwenye kipindi kingine cha Profesa wakamwambia asili inaangukia kwa Wakpelle wa Liberia, akapokea vizuri tu, maisha yakaendelea. Yule wa bodaboda akasema mimi nikipimwa nikaangukia ng'ambo ya pili si narudishwa na boti ya kesho.

Na kupima kwenyewe. Walipoonyesha staa anatema mate kwenye kichupa anakifunga anakituma, banda zima liliguna "aaah aaah". Mate! Wenyewe mnajua tunavyosemwa kwa mambo ya uchawi sisi watu wa Kigoma huko mikoani, sasa umpe mtu usiyemjua mate yako ayaweke kwenye bahasha? Mtu anaokota mpaka kucha zake akikata, leo atume mate kwa posta. Alafu DNA kwetu tunaijua kwa kesi moja tu, mtoto ni wa nani, mpaka upite ustawi wa jamii au mahakamani huko vipimo viende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, sio kitu mtu anajipelekea kwa kutaka kujua babu. Nilicheka ila baadae nikakumbuka kampuni ya 23andMe, hii ya kupima mate, taarifa za wateja kama milioni 6.9 zilivujishwa 2023 na mwezi wa tatu 2025 ikaenda mahakamani kuomba kufilisika. Kwahiyo wale wamama waliosema mate hayatolewi ovyo sijui niwaambie nini.

Kati ya vipindi viwili mi naona banda letu limependa ya Profesa kuliko ya BBC. Ya Waingereza staa anatembea sana, treni, kaburini, maktaba, anavaa glavu, anapewa karatasi ya sensa ya 1841 mwandiko haueleweki, mtafsiri naye hausomi, tunabaki tunaangalia mvua ya kwao. Ina uzuri wake lakini inataka kuangaliwa nyumbani na chai. Ya Profesa ni meza, kitabu na sura ya mtu, na sura haihitaji mkalimani. Niliwahi kuangalia watu badala ya skrini siku moja, mzee mwenye kofia alikuwa anafunua vidole vyake juu ya goti kila Profesa akisema funua, kidole kimoja kimoja, midomo inatembea. Anahesabu babu zake. Alifika kidole cha nne akarudia mwanzo.

Mi mwenyewe nilirudi nyumbani nikamuuliza bibi, baba yake babu alikuwa nani na katokea wapi. Akaniuliza, "Unataka kumjua umlipie deni?" Akaendelea kuchambua dagaa. Nilimbembeleza wiki nzima nimepata vitu viwili, kwamba alikuwa na mwanya, na kwamba alienda Tanga kukata mkonge akarudi na blanketi moja na namba. Wale manamba wa zamani, Waha wengi walienda, kila mtu alikuwa na namba yake. Jina lake bibi kanitajia la utani tu. Kwahiyo kama kuna mahali babu yangu ameandikwa, basi ni kwenye daftari la shamba la mkonge na huenda limeshaliwa na mchwa. Nikampelekea hiyo habari mwalimu mstaafu, akaniambia angalau wewe una mwanya.

Haya malalamiko sasa maana rivyu bila malalamiko mtasema nimelipwa. Mabenchi ni mabaya, ule msumari nimeusema mara tatu kwa mdomo na leo nauandika. Joto, mabati hayana dari. Migebuka ya kukaanga inayouzwa nje ni mitamu, buku mbili unashiba, ila moshi wote unaingia ndani na mtu akilia hujui ni babu wa staa au ni moshi. Sabufa ina mkoromo upande wa kushoto, kaa kulia. Choo, kajisaidie nyumbani kabla hujatoka.

Na umeme. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya LL Cool J, yule rapa wa Marekani, kile cha 2016, Profesa anamfunulia kwamba mama yake alilelewa na watu ambao hawakumzaa na mama mwenyewe miaka yote hiyo hajui. Jamaa kifua kama mlango wa gereji, macho yamejaa. Wamepima DNA wamewapata babu na bibi wa damu, majina yako kwenye ukurasa, mkono umeshika karatasi, banda limevuta pumzi, "FUNUA..."

Giza.

Jenereta lipo. Mafuta hayapo, na mwenye banda anasema mafuta ya jenereta ni ya siku za mpira. Tulikaa gizani kama saa nzima na hakuna aliyetoka, watu wakaanza kumtafutia LL Cool J babu wenyewe. Mama wa mawese anasema lazima ni mchungaji. Mwalimu anasema askari. Yule wa bodaboda akasema kwa kile kifua na zile ngumi anazorusha akiimba kwenye huo ukoo kuna bondia, niamini mimi. Umeme uliporudi flashi ikagoma kusoma, mwenye banda akafunga, akakataa kurudisha jero zetu, anasema tumeangalia robo tatu.

Nikaingia kwenye simu usiku huohuo. Ndugu wa babu yake wa damu ni John Henry Lewis, bingwa wa ngumi wa dunia wa zamani. Bodaboda alipatia. Toka siku hiyo kijiweni anaitwa Profesa na nauli amepandisha.